Kidumu Kilichorudi Kizito

Siku ya kuniaga, vijana wa karakana waliniomba niwaandikie niliyojifunza kazini. Nikajibu nitaandika nikipata muda, nikidhani watasahau. Hawakusahau, na muda sasa ninao wa kumwaga, kwa hiyo naandika. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilichelewa na mishahara iliisha. Nitaandika habari za mafuta, kwa sababu miaka yangu yote ya kazi niliitumia kuhakikisha mafuta mekundu yanabaki ndani ya mabomba ya ndege na hayatoki nje. Mtu akiniuliza nilikuwa nafanya nini Musoma, hilo ndilo jibu.

Niliingia karakana ya uwanjani nikiwa nimemaliza chuo cha ufundi, kijana wa Butiama ambaye kwao ni ng'ombe na mtama. Ndege nilizijua kwa kuzitazama kutoka chini. Aliyenipokea ni Fundi Bwire, mtu wa Kiriba, mfupi, mpole, mwenye leseni ya ufundi wa ndege na miwani iliyofungwa kwa waya. Nilitegemea atanionyesha injini. Alinipa kitambaa cheupe, akaniambia nipanguse mabomba yote yaliyo chini ya tumbo la ndege, kisha nimletee kitambaa. Nilipomletea, alikitazama kama daktari anayetazama kipimo. Palipokuwa na doa jekundu aliniuliza limetoka bomba lipi. Sikujua. Nikarudi kupangusa upya, safari hii kwa mpango.

Hilo ndilo somo langu la kwanza, na bado ni zuri. Uvujaji utafute kwa kitambaa ndege ikiwa imelala, na kwa kipande cha boksi pampu ikiwa inafanya kazi. Usitafute kwa kidole. Mafuta yanayotoka kwenye tundu dogo yakiwa na msukumo yanapenya ngozi kuliko sindano, na mkono utakaoupeleka hospitali huenda usirudi nao wote.

Wiki ya pili akanifundisha mfumo wenyewe wa haidroliki, wa kusukuma vitu kwa mafuta. Alikuwa na mabomba mawili ya sindano, dogo na kubwa, ameyaunganisha kwa mpira wa dripu na kuyajaza maji. Juu ya lile kubwa aliweka tofali. Akaniambia nisukume dogo kwa kidole gumba. Tofali likapanda. Nilicheka kwa mshangao, naye akaniuliza limepanda kiasi gani. Lilikuwa limepanda kidogo sana, na kidole changu kilikuwa kimeshafika mwisho. Akasema haidroliki haikupi kitu cha bure: unachopata kwenye nguvu unakilipa kwa mwendo. Kisha akaingiza hewa kidogo kwenye mpira, akaniambia nisukume tena. Safari hii tofali halikutikisika, kwa sababu maji na mafuta hayashindiliki lakini hewa inashindilika, na nguvu yangu yote ilikuwa inaishia kwenye lile povu. Tangu siku hiyo sijawahi kuhitaji kuelezwa kwa nini breki yenye hewa inabonyea.

Ndege yetu kubwa ilikuwa ya injini mbili na viti vichache. Pampu yake, iliyozungushwa na injini, ilivuta mafuta kutoka kwenye tangi na kuyasukuma mabombani. Rubani aliposogeza mkono wa magurudumu, vali iliyaelekeza mafuta upande mmoja wa jeki, ile silinda ya kusukuma gurudumu, pistoni ikatembea, gurudumu likapanda au likashuka, na mafuta ya upande wa pili yakarudi tangini. Pampu ikifa, kulikuwa na pampu ya mkono karibu na kiti cha rubani. Breki zilikuwa na mfumo wao peke yao, na vikopo vyao vidogo vya mafuta. Kinachozuia mafuta kupita pasipotakiwa, kila mahali, ni ringi za mpira, nyingine ndogo kuliko pete ya ndoa. Ndege nzima inategemea ringi hizo, na ringi hizo zinategemea mafuta ya aina yake. Ukizipa mafuta mengine zinavimba.

Matatizo ya Musoma yalikuwa ya Musoma. Wadudu wa ziwani walikuja kama moshi, wakanasa kwenye fimbo zinazong'aa za jeki, na fimbo iliporudi ndani iliingia nao wakakwaruza ringi. Kwa hiyo kila asubuhi tulizipangusa fimbo kabla ya kitu kingine. Mwaka mmoja ndege ilianza kuteremsha magurudumu kwa uzembe, mara inawahi, mara inachelewa. Tulibadilisha chujio, tukafungua vali, tukailaumu pampu isiyo na kosa. Siku ya nne Fundi Bwire akachungulia kijibomba kinachopumulia tangi akakuta nyigu wamejenga kwa udongo. Tangi lilikuwa limezibwa pumzi. Alimtoa nyigu wa mwisho kwa waya, akasema afadhali huyu, ana bidii kuliko sisi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana najua wengine mmeshasikia nusu yake.

Dada yangu Nyangeta ameolewa Bunda, na mumewe, shemeji yangu Wambura, alikuwa dereva wa lori. Alikuja Musoma siku moja na jeki yake ya gari iliyoishiwa mafuta, akaniomba. Jeki ya lori haichagui mafuta. Nilikuwa na kidumu cha bati cha karakana, kimepakwa rangi nyekundu, ndani yake kukiwa na mafuta ya haidroliki kama kikombe kimoja. Badala ya kummiminia kwenye chupa, nilimpa kidumu chenyewe aende nacho. Sheria ya Fundi Bwire ilikuwa kwamba chombo cha mafuta ya ndege hakivuki mlango wa karakana. Niliijua vizuri. Lakini kumnyima shemeji kidumu mbele ya watu nilikuwa siwezi.

Baada ya wiki alikirudisha. Mimi nilikuwa chini ya ndege, nimelala chali, nina mafua mazito. Nilisikia sauti yake tu ikisema, "Shemeji, kidumu chako hiki. Asante sana." Nikamwambia aweke kwenye rafu. Akaweka, akaenda zake, lori lilikuwa linamsubiri.

Siku chache baadaye, alasiri, tulikuwa tunaiandaa ile ndege kwa safari ya kesho yake. Mafuta ya tangi la magurudumu yalikuwa yamepungua kidogo, na vikopo vya breki pia. Nikachukua kidumu kwenye rafu. Kilikuwa kizito. Hapa ndipo kosa langu lilipo, na nataka mlione vizuri, kwa sababu fundi kutoka mahali pengine asingelifanya. Chombo kilichoondoka na kikombe kimoja kimerudi kimejaa, nami sikushangaa hata kidogo. Nilikua naona mama akipeleka kibuyu cha maziwa kwa jirani na kibuyu kinarudi na unga, au karanga, au angalau chumvi. Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Uzito ule mkono wangu uliupokea kama jambo la kawaida na kichwa hakikuulizwa.

Nikajaza kwa faneli ndefu. Yalikuwa na wekundu kama yetu. Harufu ingeniambia, lakini pua yangu ilikuwa na mafua. Fundi Bwire akaja, akaangalia vipimo, vyote viko sawa, akaweka sahihi kwenye kitabu cha ndege. Hakuuliza mafuta yametoka wapi kwa sababu aliniamini.

Asubuhi ndege iliruka na abiria watatu wa mradi wa maji, kwenda kwenye kiwanja kifupi cha nyasi upande wa mbuga, chenye korongo mwisho wake. Fundi Bwire alikwenda nao, kiti cha kando ya rubani, maana kulikuwa na ndege nyingine imekwama huko. Mimi nikabaki kusafisha. Nilichukua ile faneli, nikaishika juu ya beseni la maji, na tone moja likadondoka kabla sijaitumbukiza.

Tone la mafuta ya ndege likianguka majini linaelea, linatanuka, linang'aa rangi rangi. Nimeliona mara elfu. Hili lilizama kidogo, likafanya uzi kama wa sukari, likapotea. Nikachukua glasi yetu ya chai, nikatia maji safi, nikamimina kidogo kutoka kwenye kidumu. Yakapotea yote, maji yakawa na rangi hafifu tu. Kitu kinachoyeyuka majini namna hiyo ni mafuta ya breki ya gari. Hapo ndipo nilipojua shemeji yangu alinunua mafuta dukani Bunda, yaliyo bora kuliko yote waliyokuwa nayo, akanijazia kidumu hadi shingoni kwa heshima.

Nilikimbilia kibanda cha redio. Aliyekuwa kazini ni dada Nyamburi, ambaye kwa kawaida hakumruhusu fundi mwenye mikono ya mafuta kugusa kitu chochote. Aliponiona uso wangu akanipa kipaza sauti bila neno. Redioni tulizungumzaga Kiingereza, lakini siku hiyo Kiingereza kilinikimbia. Nilijua marubani wote walio angani kutoka Mwanza hadi mbugani watanisikia. Nilijua pia kwamba nikiitaja habari hii kazi yangu huenda ikaishia pale pale, na nisipoitaja, watu watano watatua kwenye nyasi fupi na ringi zinazoendelea kuvimba tangu jana. Niliogopa yote mawili. Nikabonyeza.

"Fundi Bwire, ni Magesa. Mafuta niliyojaza jana si ya ndege. Ni ya breki ya gari. Kosa ni langu."

Sauti yake ikaja, ya kawaida kabisa.

"Umejaza wapi?"

"Breki zote mbili, na tangi la magurudumu."

"Kiasi gani tangini?"

"Nusu lita."

"Haya. Kaa hapo hapo usiondoke."

Aliyofanya baada ya hapo nilielezwa na rubani, lakini mengine niliyasikia mwenyewe redioni. Alimwomba rubani asiende kwenye nyasi, ageuze kurudi Musoma ambako uwanja ni mrefu na upepo wa asubuhi unakuja usoni. Kisha akamwomba ateremshe magurudumu hapo hapo, wakiwa bado mbali, kwa sababu kila dakika ringi zinazidi kuvimba na kukaza, na gurudumu ambalo lingeshuka sasa huenda lisishuke baada ya nusu saa. Taa mbili za kijani, zinazoonyesha gurudumu limeshuka na kujifunga, ziliwaka. Ya gurudumu la mbele haikuwaka. Fundi Bwire akatoka kwenye kiti chake, akapiga magoti, akaanza pampu ya mkono. Nyamburi aliandika kila kitu kwenye daftari lake bila kunitazama. Nilimsikia rubani akisema bado, bado, kisha akasema tatu za kijani, asante Mungu, magurudumu yanabaki chini.

Zilibaki breki. Rubani aliambiwa asizitegemee. Walikuja kutoka juu ya ziwa, chini na polepole, wakagusa mwanzo kabisa wa uwanja. Nilikuwa nimesimama nje ya kibanda. Mbio zikapungua, kisha ndege ikaanza kuvutwa kushoto, maana breki ya kushoto ilikuwa imevimba ikang'ang'ania yenyewe, moshi mdogo ukitoka. Rubani akaivuta kwa injini ya kushoto, akairudisha, ikavutwa tena. Ilisimama kwenye majani, hatua chache kabla ya uzio, ng'ombe wa ng'ambo wakiitazama. Abiria walishuka na mafaili yao wakauliza kama kuna usafiri mwingine.

Nilitaka kwenda kumpokea Fundi Bwire, lakini aliniwahi. Alikuja yeye. Mikono yake ilikuwa na malengelenge ya pampu. Hakunisalimu, hakufoka. Alisema nimletee kitabu cha ndege, na pale chini ya sahihi yake ya jana akaniambia niandike kwa mkono wangu: kidumu kilitoka nje, kikarudi, hakikukaguliwa. Nikaandika. Naye akaandika chini yake kwamba aliweka sahihi bila kuuliza mafuta yametoka wapi. Nikamwambia hakuwa na haja ya kuandika hilo. Akasema, "Ni kweli au si kweli?" Nikafunga kitabu.

Tulisimamishwa wote wawili kwa muda, kisha tukarudishwa, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kuifungua ile ndege. Tulibadilisha kila ringi na kila hosi ya mpira, tukaosha kila bomba. Ringi zilitoka zimevimba kama maharage yaliyolowekwa. Siku ya mwisho ya kazi hiyo nilimuuliza kama nimweleze Wambura. Akaniuliza kidumu kilikuwa cha nani. Nikasema cha karakana, na mimi ndiye niliyekitoa. "Basi huyo bwana hana kosa," akasema. Mimi nikalichukua neno hilo kama ruhusa ya kunyamaza. Halikuwa ruhusa.

Glasi ile ya chai ilibaki kwenye rafu. Ninyi mmeikuta, na mmenicheka kwa kutia tone la mafuta majini kila kopo jipya linapofunguliwa na kila la zamani linapoguswa, hata lenye lakiri ya kiwandani. Sasa mnajua. Kipimo hicho hakichukui nafasi ya kusoma lebo, lakini lebo inaweza kubaki ileile na kilicho ndani kikabadilika.

Fundi Bwire alistaafu akarudi Kiriba kulima mihogo. Nilikwenda kumtembelea mara nyingi, na mara moja nikamuuliza jambo lililonisumbua miaka: kule juu hakuwa na glasi wala kidumu, alikuwa na sahihi yake mwenyewe inayosema kila kitu kiko sawa, sasa kwa nini alinisadiki papo hapo bila kubisha? Alimenya muhogo wake hadi mwisho. Akasema, "Mtu hajisingiziagi redioni." Alifariki kabla sijastaafu, na namkumbuka zaidi kwa sentensi hiyo kuliko kwa yote aliyonifundisha kuhusu pampu.

Lakini Wambura. Kila tulipokutana aliniuliza kama yale mafuta yalinifaa, nami nikamjibu yalinifaa. Kwenye harusi za watoto aliwaambia wakwe zake kwamba yeye hajawahi kupanda ndege, lakini mafuta yake yameruka. Watu walimpigia makofi, mimi nikanywa soda yangu. Niliona aibu kila mara. Niliweza kusema mbele ya marubani wote wa ukanda huu, nikashindwa mbele ya mtu mmoja, kwa kuwa kule kulikuwa na maisha ya watu na huku kulikuwa na furaha ya mzee tu. Nilijiambia haina madhara. Ila Wambura ana watoto wenye karakana yao wenyewe Bunda, na vyombo vyao vinakwenda na kurudi.

Mwezi uliopita nilikwenda Bunda na ndoo ya sato wabichi. Tulikula, tukazungumza mvua. Kisha nikamweleza yote, tangu kikombe kimoja hadi ng'ombe wa uzioni. Nikamwambia kosa lilikuwa langu, si lake, na kwamba nilimdanganya miaka yote hii. Aligeuka akatazama nje. Niliumia kumwona, nikadhani nimemwibia kitu ambacho siwezi kumrudishia.

Nilipoaga, Nyangeta akaleta ile ndoo. Alikuwa ameijaza mtama, kama mama alivyotufundisha. Wambura akainuka, akaipokea kutoka kwake, akamimina mtama wote kwenye ungo. Dada yangu akabaki ameduwaa. Yeye akaenda bombani, akaiosha ndoo, akaikausha kwa shati lake, akachungulia ndani kuhakikisha, ndipo akanikabidhi.

"Haina kitu, shemeji," akasema. "Nimeangalia."

Niliipokea kwa mikono miwili.